Mashine tano za salfa: shajara ya matengenezo, Tandahimba

Mashine tano za kupulizia salfa zimeletwa karakanani zikiwa kimya. Zote zilifanya kazi msimu uliopita, na zote ziliwekwa stoo mwezi wa kumi bila kusafishwa. Tunataka ziwe tayari kabla mikorosho haijaanza kuchanua vizuri, yaani kufikia mwezi wa sita katikati. Shajara hii inaongezwa kila hatua inapokamilika ili kikundi kingine, kiwe Newala, Nachingwea au popote penye ubwiriunga (ukungu mweupe unaoharibu maua ya mikorosho, unaozuiwa kwa salfa), kiifuate bila kurudia makosa yetu. Kazi iliyokwenda sawa imepewa mstari mmoja. Iliyotuharibikia imepewa nafasi.

9 Machi 2024: kupanga wagonjwa

Rangi za plastiki ni tofauti na majina ya ubavuni ni tofauti, lakini injini zote zimepigwa chapa ileile: 1E40F. Chapa hiyo inasomeka hivi: 1 ni silinda moja, E ni pigo mbili, 40 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa kwa hewa. Pistoni ikitembea milimita 33, unapata cc 41.5. Angalieni chapa hii kabla ya jambo lolote, maana ndiyo inayosema kama mashine moja inaweza kuichangia nyingine vipuri. Hata hivyo undugu wao una mipaka: mashine mbili kati ya hizi zina matundu ya bolti za kabureta yasiyolingana na wenzake.

Tumeziandika namba 1 hadi 5 kwa rangi ya mafuta, kwenye injini, tangi na kifuniko cha kila moja. Vifuniko visipoandikwa, jioni havijulikani vya nani. Kisha vipimo, na hakuna nati iliyofunguliwa kabla ya vipimo isipokuwa plagi.

Mgandamizo kwanza. Geji ya fundi magari inaingia moja kwa moja kwa sababu tundu la plagi ni milimita 14. Geji za bodaboda nyingi haziingii, tundu lao ni dogo. Fungua mafuta (resi) mpaka mwisho, vuta kamba mara sita, soma. Namba 1 imetoa psi 115, namba 2 imetoa 110, namba 4 imetoa 105. Namba 3 imetoa 40 tu na inagonga ndani. Namba 5 haizunguki kabisa.

Halafu moto: chomoa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, vuta kamba kivulini. Namba 1 haina cheche. Namba 2, 3 na 4 zinazo.

Mwisho, kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa na oili ndani ya tundu la plagi, funga, vuta. Namba 2 imenguruma sekunde tatu ikazima. Hapo umeshajua kwamba moto upo, mgandamizo upo, shida ni njia ya mafuta. Namba 4 imewaka na kuendelea, lakini inapanda resi yenyewe bila kuguswa, na ukiachia mafuta inachelewa kushuka. Dalili hiyo tutairudia, kwa kuwa ndiyo inayoua mashine nyingi huku mwenyewe akidhani imechangamka.

Namba 3 tumeifungua siku hiyohiyo. Beringi ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imekufa, mkono wa pistoni unacheza, pistoni imepasuka, na kabureta ilishachukuliwa na mtu. Imeamuliwa ichinjwe: koili (inayotoa umeme wa cheche), rikoili (kifaa cha kamba ya kuwashia), feni, tangi la salfa na bolti zake ni za wenzake. Kwa hiyo tunafufua nne, si tano. Mashine mpya ya aina hii tuliyoulizia Mtwara mjini ilikuwa shilingi 420,000, na krenki peke yake ingetuchukulia robo ya pesa hiyo kabla ya pistoni.

16 Machi: moto, na plagi mbili za bure

Kosa la kwanza la mradi ni letu. Kabla ya kupima namba 1 sawasawa, plagi tatu ziliagizwa kutoka mjini kwa shilingi 4,000 kila moja, kwa mazoea tu kwamba mashine ikikosa moto ni plagi. Tumefunga mpya, giza lilelile. Plagi ya zamani, ilipojaribiwa kwenye namba 2, ilitoa cheche ya bluu bila tatizo.

Njia iliyopaswa kufuatwa ilikuwa hii. Waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi ya kuzimia uchomolewe kwanza. Swichi hiyo kazi yake ni kuupeleka umeme wa koili kwenye chuma ili injini izime, kwa hiyo waya ukichubuka na kugusa bodi, mashine inakuwa imezimwa saa zote. Tulipochomoa waya, cheche ikaja kwa mvuto wa kwanza. Ndani ya swichi, vibati vya shaba vilikuwa vyeusi na vimejaa uji wa salfa na oili. Salfa haielewani na shaba: huifanya nyeusi, na unyevu ukiingia hali huwa mbaya zaidi. Tumesugua kwa msasa laini, tukabadilisha waya, tukapaka grisi kidogo. Gharama ya tiba ni sifuri. Plagi moja imebaki kwenye namba 1, mbili zimewekwa akiba.

Tukiwa hapo hapo tumepima nafasi kati ya koili na sumaku ya gurudumu. Inatakiwa milimita 0.3 hadi 0.4. Asiye na fila geji akate kipande cha kadi ya kibiashara: legeza bolti mbili za koili, weka kadi katikati, sumaku iivute koili, kaza, zungusha gurudumu ili kadi itoke. Pengo la plagi ni 0.6 hadi 0.7.

23 Machi: kabureta, mbilimbi na unyuzi wa breki

Namba 2 iliachwa na petroli ndani ya kabureta miezi mitano. Petroli yenyewe imeruka, oili imebaki kama asali nyeusi chini ya kikombe. Jeti, yaani kitundu kinachopima petroli, ambayo ni ya shaba ya njano, ilikuwa imefunga kabisa. Ukiiinua juani haupenyi hata mwanga.

Tuliloweka kwenye thina saa mbili. Asali ilitoka, weusi wa salfa ukabaki ndani ya tundu. Mtu akashauri mbilimbi, kwa kuwa ndizo zinazong'arisha vyombo vya shaba. Tukaponda kumi, tukaloweka jeti nusu saa. Matokeo: kutu ya kijani yote imetoka, weusi hata haukutikisika. Mbilimbi zinafaa kwa kutu ya kijani tu, na msiloweke kabureta nzima, kwa sababu bodi yake si shaba na asidi huila.

Baada ya hapo ndipo uharibifu ulipofanyika. Unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli ulisukumwa kwenye tundu la jeti, ukazungushwa mara nne tano, na tundu likawa jeupe, linapitisha mwanga vizuri. Mashine ikawaka. Furaha ilidumu dakika kumi. Moshi mweupe mzito, plagi imelowa na nyeusi, na lita moja ya mafuta iliyotakiwa kwenda karibu dakika 50 ikaisha kwa 30. Chuma cha breki ni kigumu kuliko shaba: kilikuwa hakisafishi tundu, kinalipanua. Upana ukishazidi hakuna skrubu ya kuurudisha. Jeti peke yake haikupatikana, ikabidi kununua kabureta kamili, shilingi 18,000, na kifurushi kimefika na basi la Mtwara kwa 3,000.

Kwa kabureta za namba 1 na 4 tumetumia mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, uliopakwa dawa ya meno. Vuta mbele na nyuma kama unayesafisha filimbi, mara hamsini hivi, suuza kwa petroli, puliza. Weusi unatoka taratibu na tundu linabaki na kipimo chake. Kila jeti ilichukua kama dakika 20.

Mipira ya mafuta imekakamaa kwenye zote. Meta mbili mpya, shilingi 3,000.

6 Aprili: hewa ya wizi

Hii ni namba 4, ile iliyokuwa "imechangamka". Injini ya pigo mbili hunyonya mafuta na hewa kupitia tumbo la krenki. Pakiwa na ufa popote, hewa isiyopitia kwenye kabureta huingia, mchanganyiko huwa mwepesi, oili inayofika kwenye pistoni hupungua na joto hupanda. Ndiyo maana resi inapanda yenyewe. Plagi yake tuliikuta nyeupe kama chaki.

Kuitafuta hewa hiyo kwa macho ni kupoteza siku. Kifaa tulichotengeneza ni mashine kuukuu ya kupimia presha ya damu, ya kubinya kwa mkono, iliyonunuliwa mnadani kwa shilingi 10,000. Kitambaa cha mkononi hakihitajiki, kinachotakiwa ni puto la kubinya, mpira na saa yake. Plagi iliyokufa ilivunjwa kauri, mpira ukaingizwa ndani ya chuma kilichobaki na kufungwa kwa waya. Kisha:

Ondoa kabureta na ekzosi. Kwenye kila mdomo weka kipande cha tyubu ya baiskeli, juu yake kipande cha bati nene, kaza kwa bolti zilezile. Shusha pistoni mpaka chini ili njia za pembeni zifunguke. Funga plagi yenye mpira, binya hadi saa isome 250, ambayo ni karibu psi 5. Usizidishe, hii si tairi. Injini isiyo na kasoro inapoteza chini ya 20 kwa dakika moja. Namba 4 ilishuka hadi sifuri kwa sekunde nane.

Povu la sabuni limepakwa kila kiungo. Gasketi ya chini ya silinda kimya, maungio ya tumbo kimya. Nyuma ya gurudumu la sumaku povu likachemka kama maandazi kwenye mafuta. Ni sili ya krenki, pete ya raba inayozuia hewa kupita kando ya shafti.

Kulitoa gurudumu: msilipige nyundo, sumaku hupasuka na krenki hupinda. Tia kamba laini ya katani kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa imeshapanda na kuziba matundu ya pembeni, zungusha mpaka pistoni iikamate kamba, hapo krenki imefungwa na nati inalegea kwa spana ya kawaida. Gurudumu lenyewe linatoka kwa puli ya bolti mbili.

Sili hainunuliwi kwa jina la mashine. Ina namba tatu usoni. Iliyoandikwa 12×22×7, kwa mfano, ina maana shafti ni 12, nje ni 22, unene ni 7. Nenda dukani na namba hizo, duka la pikipiki linaweza kuwa nayo. Tulinunua nne kwa 2,500 kila moja, mbili za namba 4 na mbili za namba 5.

Sili ya kwanza ilikufa kabla haijafanya kazi. Kwenye shafti kuna mfereji wa kipini cha nusu mwezi, na kingo zake zina ukali wa wembe. Sili ilisukumwa juu yake ikiwa kavu, mdomo ukachanika upande mmoja, na hatukujua mpaka saa ya presha iliposhuka tena. Ya pili ilivalishwa hivi: shafti imezungushiwa kipande cha nailoni ya mfuko wa maji, kikapakwa oili, sili ikateleza juu yake, nailoni ikavutwa. Upande wenye kamba ya springi unaelekea ndani ya injini. Kipande cha bomba chenye upana sawa na sili kimetumika kuigongea, usawa na ukingo.

Presha: 250 hadi 238 kwa dakika. Lakini sili inaweza kuzuia hewa kutoka na bado ikaruhusu kuingia. Kwa hiyo bomba la sindano la ml 60 limeunganishwa mahali pa puto. Vuta mpaka mwisho, shikilia sekunde 30, achia polepole. Likirudi mpaka karibu na 5, sili ni nzima, hizo tano ni ukaidi wa raba ya sindano. Likiganda kwenye 30, kuna hewa imeingia. Letu limerudi kwenye 4.

Gasketi ya kabureta tulijaribu kuikata kutoka boksi la biskuti na kuipaka grisi. Ilidumu dakika 20, petroli ikailainisha na resi ikaanza kupanda tena, tukadhani sili imekufa mara ya pili. Karatasi ya gasketi ya nusu milimita ilikuwa 5,000 na inatosha mashine zote. Boksi la biskuti libaki na biskuti.

20 Aprili: namba 5 na vifuniko vya soda

Pistoni iliyoganda ililoweshwa dizeli na oili siku tatu kupitia tundu la plagi, kisha ikagongwa kwa mpini wa jembe mpaka ikaachia. Silinda ilipovuliwa, upande wa ekzosi pistoni imeparuzika na aluminiamu yake imeganda kwenye ukuta wa silinda kama ute.

Pitisha kucha kwanza kwenye ukuta. Kucha ikinasa kwenye ukingo wa kromu iliyobanduka, silinda ni ya kutupa. Yetu ilikuwa na ute juu ya kromu, lakini kromu chini yake ni nzima. Ute huo unaondolewa kwa kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni: kijiko cha chai kwenye ml 100 za maji, ukitia soda ndani ya maji na si maji juu ya soda. Pamba kwenye kijiti, paka juu ya ute tu. Inachemka na kutoa vipovu maadamu kuna aluminiamu ya kula. Vipovu vikiisha, suuza kwa maji mengi. Ikimwagikia kwenye matundu ya pembeni itakula silinda yenyewe, kwa sababu nayo ni aluminiamu chini ya kromu. Miwani na glavu za mpira, na kazi ifanyike nje: gesi inayotoka inashika moto. Tumerudia mara tano, kisha msasa namba 600 wenye oili, kwa mwendo wa kuzunguka.

Pistoni na ringi zake, shilingi 25,000. Ringi ilitiwa kwanza ndani ya silinda peke yake na nafasi ya ncha zake kupimwa: milimita 0.3, nzuri. Mshale juu ya pistoni unaangalia ekzosi. Ncha za ringi zinakaa kwenye kipini kidogo ndani ya mfereji, ukizikosea ringi inavunjika silinda inapovaa. Na kabla ya kuweka klipu za pini ya pistoni, ziba tumbo la krenki kwa kitambaa. Klipu moja iliruka. Tuliitafuta saa nzima ndani ya injini, ikapatikana kwenye mfuko wa shati la aliyekuwa anaifunga.

Bila kujua kwa nini iliganda, pistoni mpya ingefuata ya zamani. Sili ni nzima kwa presha na kwa mvuto (zile mbili mpya zimebaki: moja akiba, moja imeziba pengo la ile iliyochanika). Filta ilikuwa chafu lakini haikupasuka. Ikabaki mafuta. Mwenye mashine anachanganya "vifuniko vinne kwa lita", kama walivyo wengi. Tulichukua bomba la sindano tukapima vifuniko vilivyokuwa vimezagaa karakanani. Cha chupa ya soda kimejaa kwa ml 6. Cha chupa ndogo ya maji, kile kifupi, ml 4. Mara nne ni 24 au 16. Injini hizi zinataka sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani ml 40 kwa lita. Miaka ya nyuma vifuniko vilikuwa virefu na kanuni ilikuwa inakaribia ukweli. Vifuniko vimefupishwa, kanuni imebaki.

Sasa kila mashine imefungiwa bomba la sindano la ml 20 kwenye mkanda: mawili kwa lita, chupani, tikisa, ndipo tangini. Namba 5 inapewa ml 50 kwa lita tatu za kwanza ili pistoni izoee, bila kukaza resi mpaka mwisho. Mashine ambayo kitabu chake kinataka 50 kwa moja na oili yake maalumu, ifuate kitabu chake.

11 Mei: tangi, feni, mnyororo

Salfa ya mwaka jana ilikuwa imeganda chini ya matangi kama saruji. Ilivunjwa kwa kijiti cha mti, maana chuma kinaweza kutoa cheche, ikafagiwa, tangi likaoshwa na kuanikwa siku mbili. Raba ya mfuniko ya namba 2 ilikuwa imekatika, ndiyo mlango wa unyevu. Imechukuliwa ya namba 3. Feni zimesafishwa: ganda la salfa upande mmoja linatosha kuitikisa mashine mpaka nati zilegee. Sponji mpya za filta 4,000 zote nne, zimekamuliwa na oili kidogo ili zinase vumbi.

Vumbi likipita kasi ndani ya bomba la plastiki huzalisha umeme, na vumbi la salfa ni rahisi sana kushika moto. Ndiyo kazi ya kile kimnyororo kinachoburuzwa chini, ambacho wengi wanakikata kwa sababu kinanasa kwenye visiki. Mashine zote nne hazikuwa nacho. Tulianza na waya wa shaba uliovuliwa ngozi. Ulikuwa mweusi kabla ya wiki tatu kwisha, na maungio yake hayapitishi tena. Umeondolewa. Sasa kuna waya wa kufungia nondo uliopita ndani ya bomba, umekazwa kwenye chuma cha injini, na mnyororo mwembamba wa chuma unaogusa ardhi. Vyote 6,000.

8 Juni: kupima gramu 250

Kipimo kinachofundishwa ni gramu 250 za salfa kwa mkorosho mkubwa kwa mkupuo (zamu moja ya kupulizia), hivyo mfuko wa kilo 25 ni mikorosho 100. Lakini wenko (mkono) wa kumwagia salfa una namba tu, hauna gramu. Tumepima mashine kwa mashine.

Chekecha salfa kwanza, hata kama mfuko ni mpya. Pima kilo 5, mimina tangini, washa, pandisha resi mpaka mwisho, fungua wenko kwenye namba 2 kwa sekunde 60, funga, pima iliyobaki. Namba 1 imetoa kilo 0.9, yaani gramu 15 kwa sekunde, hivyo sekunde 17 kwa mti. Wenko ukiwa kwenye 3 imetoa kilo 1.5: gramu 25 kwa sekunde, sekunde 10 kwa mti. Tumechagua 3, kwa kuwa kumi inahesabika hata na mtu mwenye usingizi.

Jaribio la kwanza lilitudanganya. Tulijaza kilo 12, tukapima dakika moja, tukaandika kilo 2. Tangi likijaa, uzito wa juu unasukuma, na likibaki kilo mbili mtiririko unanyong'onyea. Anayepima kwa tangi lililojaa atawanyima miti ya mwisho. Jaza kilo 5 hadi 6 tu kila mara, na mgongo utashukuru pia.

29 Juni: shambani

Usiku wa kwanza, saa tisa hadi saa kumi na mbili alfajiri, umande ukiwa kwenye maua na upepo umelala. Mashine 2, 4 na 5 zimemaliza bila neno.

Namba 1 ilizima baada ya robo saa ya kazi. Moto upo, mafuta yapo tangini. Ikaachwa kidogo, ikawaka, ikazima tena baada ya robo saa. Mtu angekimbilia koili, kwa vile koili nayo hufa ikipata joto. Tulifungua mfuniko wa tangi la petroli na ukalia fyuu, ukivuta hewa. Kitundu cha kupumulia katikati ya mfuniko kilikuwa kimezibwa na salfa yenye mafuta: petroli inatoka, hewa haiingii, mpaka mvuto unakataa. Mshipi uleule wa nailoni umekizibua kwa sekunde kumi. Kofia ya sponji imefungwa juu ya kila mfuniko.

Jingine: salfa iliyomwagikia kwenye ekzosi ya namba 5 wakati wa kujaza. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, na ekzosi inazidi hapo. Iligeuka gundi ya kahawia na kutoa moshi unaokaba koo. Kujaza ni injini ikiwa imezimwa, na funeli ya plastiki iwe na mdomo mrefu. Petroli hujazwa baada ya injini kupoa, mbali na mifuko.

13 Julai: hesabu na mkupuo wa pili

Jumla iliyotumika ni shilingi 129,500 kwa mashine nne, kama 32,400 kila moja. Hizo ni pamoja na vile visivyotajwa juu: thina 7,000, mabomba ya sindano 2,500, kostiki 2,000, petroli na oili za majaribio 16,000, nauli za vifurushi vitatu 9,000 (pamoja na ile 3,000 ya kabureta). Humo ndani, 28,500 ni makosa yetu: plagi mbili, kabureta, na sili moja. Saa za kazi hazijahesabiwa, ni kama sitini.

Utaratibu wa kila asubuhi baada ya kupulizia umebandikwa ndani ya mlango wa stoo. Salfa iliyobaki irudishwe mfukoni, mashine ipulize hewa tupu dakika mbili, koki ya mafuta ifungwe na injini iachwe iishie yenyewe ili kikombe cha kabureta kikauke, sponji ioshwe kwa sabuni. Mwisho wa msimu, kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kamba ivutwe mara tatu.

Namba 2 ina unyevu wa oili upande wa feni tangu juzi. Saa ya presha inasema 250 hadi 221 kwa dakika. Bado inafanya kazi, lakini itafunguliwa kabla ya mkupuo wa tatu, na sili ya akiba imeshatolewa kabatini.